Mguu Usiouma

Jumatatu, 3 Februari

Kilima cha Wanyange, mara nane. Nambozo alifika mara sita, akatapika kando ya shamba la muhogo la watu, kisha akauomba radhi muhogo. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi. Mimi nilimaliza zote nane, na ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya kasi. Afande Okiror alitazama saa yake akanyamaza. Kocha wetu huyu akinyamaza, ujue amefurahi.

Akello bado ana malaria. Hatakwenda kwenye mbio za Mbale. Tumebaki wanne: mimi, Nambozo, na mapacha wa Budondo, Babirye na Nakato. Afande alitukalisha kwenye majani akatueleza kama watoto wa chekechea. Mbio za nyika za timu hazimwangalii mtu mmoja. Wanachukua nafasi za wanne na kuzijumlisha, jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Mmoja asipofika mwisho, hakuna timu. "Hata kama natambaa, nyinyi lazima kufika," alisema. Aliniangalia mimi. Sijui kwa nini mimi.

Timu mbili za kwanza zitaandikwa kazi ya askari, wote wanne. Sare, chumba kwenye kota, na kukimbia ndiyo kazi yenyewe. Mimi nina miaka kumi na tisa, hata mwakani nipo. Nambozo anatimiza ishirini na tano tarehe kumi na mbili mwezi ujao, na wenye miaka hiyo hawaandikwi. Kwake hakuna mwakani. Haongei habari hiyo. Anapiga tu pasi suruali yake ya mbio. Nani anapiga pasi suruali ya mbio?

Kwao ni Nakaloke, mbele ya Mbale. Tangu mwaka jana analala kwetu hapa Jinja ili afanye mazoezi nasi. Mkeka wake uko chini ya dirisha. Anakoroma.

Alhamisi, 6 Februari

Mazoezi mepesi. Miguu iko vizuri mno.

Nimewaambia watu wote wa mtaa kuwa nitakuwa kwenye tatu bora. Mwenye duka. Mwalimu wa madrasa. Muuza chapati, ambaye hata hakuniuliza. Nambozo anataka kujua kwa nini nasema kabla ya kukimbia. Kwa sababu ni kweli, nikamjibu. Akasema, "Haya, sitari." Staa, alitaka kusema. Nilipenda hata hivyo.

Jumamosi, 8 Februari. Mbale

Nimeumia.

Ilikuwa mzunguko wa tatu, tukitoka kwenye mashamba ya mpunga. Nilisikia kitu kikikatika nyuma ya paja la kulia, kabisa, kama kamba. Maumivu makali sana. Nikajaribu kuendelea, hatua thelathini, labda arobaini. Haikuwezekana. Nikakaa. Wahudumu wakanibeba kwa machela mbele ya watu wote.

Usiku mvua ilinyesha, mvua isiyo na adabu kwa mwezi wa pili, na njia yote ilikuwa tope. Mtu yeyote angeumia. Babirye wa tisa, Nakato wa kumi na mbili. Nambozo wa ishirini na mbili, hajawahi kukimbia vizuri hivyo maishani mwake. Timu haikuhesabiwa. Ni ajali. Michezo ndivyo ilivyo. Hakuna wa kulaumiwa.

Nambozo amenipeleka kwao Nakaloke kwa shangazi yake, anayeunga mifupa. Nimefungwa kitambaa kutoka goti mpaka juu. Nambozo alilia. Alisema anaulilia mguu wangu.

Jumanne, 11 Februari. Jinja

Nimesoma nilichoandika Jumamosi. Uongo. Nimedanganya mpaka daftari, ambalo hakuna anayelisoma ila mimi. Mtu anajidanganya mwenyewe kwa kalamu, tena anaongeza hatua thelathini, labda arobaini.

Naandika upya.

Hakuna kilichokatika. Mzunguko wa kwanza nilikuwa wa nne, nikapunga mkono kwa watu. Nilipunga mkono! Mzunguko wa pili wasichana wa kutoka Kapchorwa, wa kule milimani, wakaanza kunipita mmoja mmoja, hawahemi hata kidogo. Wa saba. Wa kumi. Kwenye mpunga nikasikia nyayo nyuma yangu, pa pa pa, nikageuka. Mtoto wa shule. Amevaa soksi, hana viatu. Njia pale ni nyembamba, akaniambia kwa heshima zote, "Samahani, mama," akapita.

Mama. Mimi.

Nikawa wa kumi na tano. Nikawaza uwanja ule wa mwisho, watu wamejipanga kwenye kamba, na mimi naingia wa ishirini na kitu baada ya maneno yote yale. Mkono wangu ukaenda wenyewe nyuma ya paja. Nikapiga kelele. Nikakaa.

Na nilijua. Nisijifiche kwenye hilo. Sikusahau hesabu ya Afande, wala sikuchanganyikiwa. Nilijua kuwa bila mimi hakuna timu. Baadaye walibandika matokeo, nikapiga hesabu nikiwa nimelala kwenye benchi na mguu juu: ningefika hata wa ishirini na saba, tungekuwa timu ya pili. Ningeweza kutembea sehemu ya njia. Ningeweza kusimama ninywe maji.

Nambozo alifika mwisho akajitupa chini akicheka, akauliza, "Hadija amekuwa wa ngapi?" Wakamwonyesha machela.

Shangazi yake alijua. Vidole vyake vilipita kwenye paja mara mbili tu. Nambozo alikuwa ametoka kuchemsha maji. Mama yule akaniambia polepole, "Mguu hii iko mzima. Lakini mimi nafunga, maana wewe nataka nifunge." Akafunga, na akafunga vizuri.

Alhamisi, 13 Februari

Kila jioni akitoka mazoezini Nambozo ananikanda. Maji ya moto, chumvi, kitambaa. Yeye ndiye amekimbia, mimi ndiye ninayekandwa. Anauliza kama inauma hapa. Nasema kidogo. Hapa? Sana. Lazima nikumbuke nilisema wapi jana.

Ana mikono mizuri. Naichukia.

Jumapili, 16 Februari

Leo nimechechemea mguu wa kushoto.

Kitambaa nilikivua juzi, na asubuhi nilitoka kwenda bombani kichwa kimejaa usingizi. Haboba alikuwa uani anasuka kawa la kufunikia chakula. Haboba ni bibi yangu. Sisi Wanubi ndivyo tunavyomwita bibi. Hakuinua uso. Alisema tu, "Jana kulia, leo kushoto. Kesho utatembea kwa mikono?"

Nikamwambia maumivu yamehama. Akasema ahaa. Akaendelea kusuka. Nimekaa chumbani mpaka adhuhuri, uso unawaka moto. Ukweli ni kwamba nilicheka pia, peke yangu, nimefunika mdomo na mto. Kisha nikaacha kucheka.

Alhamisi, 20 Februari

Afande amekuja nyumbani. Hajawahi kuja. Alivua kofia mlangoni, akakataa kiti, kisha akakaa.

Amewaandikia wakubwa Kampala, akawaeleza kuwa timu yake ingeingia kama si ajali. Wamekubali jina moja kutoka kwetu. Moja tu. Achague yeye, lipelekwe kabla ya mwisho wa Jumatatu tarehe tatu, na daktari athibitishe kuwa mtu ni mzima. Amechagua la kwangu. Kwa sababu mimi ndiye wa kwanza wa timu mwaka mzima, na kwa sababu, alisema, niliumia nikiipigania timu.

Nambozo alikuwa mlangoni na beseni la maji ya kunikanda. Maji yalimwagika kidogo. Akaliweka beseni chini, akaja, akanikumbatia. "Angalau mmoja wetu," alisema. Nguvu aliyonikumbatia nayo ilikuwa ya kweli. Nimeitafuta chuki ndani yake kwa sababu niliihitaji. Sikuipata.

Nilipaswa kusema pale pale. Afande alikuwepo. Nambozo alikuwepo. Haboba alikuwepo, na macho yake kwenye kawa. Nilisema, "Ahsante, afande."

Jumatatu, 24 Februari

Daktari amenipima. Akauminya mguu, akaniruhusu niruke. Amesema umepona vizuri sana, mwili wa kijana ni mwili wa kijana. Amegonga mhuri.

Nambozo alinisindikiza. Alibeba fomu ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa mvua ilitaka kunyesha.

Jumatano, 26 Februari

Nilijaribu. Tulikuwa tunakwenda polepole kando ya mashamba ya miwa, mimi naye, mbio zangu za kwanza tangu "kupona". Nikasema, "Nambozo, kuna kitu." Akasimama. Alisimama kabisa, mikono kiunoni, akanitazama. Akangoja. Nikasema nadhani viatu vyangu vimeanza kuchanika. Kisha akasema, "Basi shona," akaanza kukimbia, na kwa mara ya kwanza nikashindwa kumfikia.

Mimi ni mwoga. Kilima mara nane naweza, sentensi moja siwezi.

Jumamosi, 1 Machi

Mwezi umeandama. Tumeanza kufunga.

Nambozo amerudi Nakaloke. Hakuna tena cha kungoja hapa, alisema, na mama yake ana vitunguu vya kuuza sokoni. Kabla ya kuondoka alifua traksuti yangu, ile ya kwendea Kampala. Nilimwambia aache. Alisema mikono ikikaa bure inawasha. Aliianika uani, akaukunja mkeka wake, akamuaga Haboba. Mimi alinishika bega.

Nilitaka kumfuata. Nilimfuata mpaka kwenye duka la kona, nikanunua sabuni, nikarudi.

Nimefunga tangu alfajiri. Sijala, sijanywa. Mdomo safi, na ndani yake uongo wa wiki tatu. Hiyo ni saumu gani?

Jumatatu, 3 Machi

Nimetia sahihi. Afande ametuma.

Hakuna zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Nimesema.

Sijui kwa nini leo. Kulikuwa na mazoezi, Afande aliwaita mapacha na wasichana wapya wawili, akanisimamisha mbele yao kama mfano. Huyu, alisema, mguu wake ulikatika na bado alitaka kuendelea. Mmoja wa wale wapya ananitazama kama mtu anayetazama picha ukutani. Babirye na Nakato wanatazama chini.

Nikamwomba tuzungumze pembeni. Nilisema yote kwa pumzi moja. Haukukatika, afande. Nilikaa mwenyewe. Nilikuwa napitwa, nikaona aibu.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliuliza, "Wewe nakaa mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, kana kwamba nimetumia lugha asiyoijua. Kisha akatoa simu, akaenda mbali kidogo, akapiga Kampala. Nilimwona anasimama wima akiongea, kama wamo mbele yake. Alirudi.

"Jina yako, wametoa," alisema. "Kuweka ingine wamekataa. Mlango imefungwa Jumatatu."

Akaivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

"Kama wewe nasema Jumatatu asubuhi, mimi naandika Nambozo. Iko na miaka bado. Iko mzima. Mimi naandika Nambozo na mkono hii."

Akanyanyua mkono akanionyesha. Mkono wa kawaida tu, na kalamu yake ya bluu imechomekwa kwenye mkanda wa saa.

Kwa hiyo hesabu yake ni hii. Tarehe nane Februari nilimnyima Nambozo mara ya kwanza. Tarehe tatu Machi mara ya pili, nikiwa na siku nzima ya kusema, nikiwa nimeketi kwenye benchi mita tatu kutoka kwa Afande. Nilidhani kuungama kunatosha wakati wowote ukifika. Nilisubiri mpaka kukawa hakumsaidii mtu mwingine ila mimi.

Na hata mimi hakukunisaidia. Sijisikii mwepesi. Watu husema utajisikia mwepesi.

Alhamisi, 6 Machi

Mtaa wote unajua. Mwenye duka amenihudumia bila kunitania. Ndiyo mbaya zaidi.

Haboba alinipa tende za kufuturu, akasema, "Sasa Nambozo mwenyewe amejua?" Nikasema bado. Akazirudisha tende kwenye sahani. Si kwa hasira. Alizirudisha tu, akanisukumia maji peke yake.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudi kutoka Nakaloke. Nimechoka. Naandika taratibu.

Nilimkuta sokoni asubuhi, kwenye turubai ya mama yake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama yake alikuwa amekwenda kanisani. Magunia mawili ya vitunguu, moja limefunguliwa. Alikuwa anavitenga, vikubwa huku, vidogo kule. Aliponiona hakushangaa. Alinisogezea ndoo nyingine.

Njiani nilipanga maneno. Yalikuwa mazuri. Sikuyatumia. Nilisema sikuumia, nilikaa mwenyewe, na kwamba nafasi ingekuwa yake kama ningesema mapema siku mbili. Hilo la mwisho ningeweza kulificha. Sikulificha.

Aliendelea kutenga vitunguu. Kisha akasema, "Mimi najua."

Nikadhani Afande amempigia simu. Akatikisa kichwa.

"Mimi naona wewe siku ile. Mimi iko nyuma, kwa kona ya mpunga. Mtu akivunjika, naanguka hapo hapo. Wewe natazama huku, natazama huku, natafuta kwanza pahali pakavu. Halafu nakaa. Mimi napita, nasema huyu napumzika tu, atasimama, atafika."

Ni kweli. Nilikuwa nimesahau kabisa. Njia yote tope, na mimi nikavuka mpaka kwenye kituta chenye nyasi ili nisichafue kaptura.

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alinikanda. Wiki tatu. Kwa nini alifua traksuti. Kwa nini hakumwambia Afande, maana kinywa chake tu kingetosha na leo angekuwa Kampala.

Alifikiri. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo alikuwa ameshaizoea.

"Nikisema mimi, watu nasema Nambozo nataka nafasi ya Hadija. Wewe nalala na mimi chumba moja." Akaokota kitunguu kilichooza, akakitupa nyuma. "Kila jioni mimi nakanda, nasema kwa roho yangu, leo atasema. Siku ile ya miwa, mimi nasimama kabisa. Nasema, sasa. Halafu wewe naleta viatu."

Nililia, na niliona aibu kulia, kwa kuwa ilionekana kama namwomba anibembeleze. Hakunibembeleza. Alikuja mteja, mama mmoja mwenye haraka, akataka vidogo. Nambozo akampimia. Akaniambia nishike mdomo wa mfuko, nikashika.

Mama yule alipoondoka, Nambozo akaniuliza kama nimefunga.

Nikasema ndiyo.

Kando yake, juu ya gunia lililofungwa, kulikuwa na kikombe chake cha chai, bado kinatoa moshi, na kipande cha muhogo wa kuchemsha juu ya karatasi. Alivichukua vyote viwili, akaviweka chini nyuma ya gunia, upande ambao sikuweza kuviona. Kisha akarudi kwenye vitunguu vyake.

Nilikaa naye mpaka saa nane mchana. Chai ilipoa, hakuinywa.